Sura ya Sita: Nyekundu Kwenye Bodi

Baada ya adhuhuri fundi Bujiku angepakiwa kwenye lori la polisi, lile la wazi nyuma, apelekwe mahakamani kusomewa shtaka la kuua. Hivyo ndivyo ilivyokuwa imeamuliwa, na kila mwenye masikio pale Shinyanga alijua kwamba hatafika. Nje ya geti la kituo watu walikuwa wamejaa tangu alfajiri: wachimbaji waliotoka Geita na vumbi la maduara, mashimo ya dhahabu, bado liko kwenye nyusi, na sungusungu, walinzi wa jadi wa Tinde, wamekaa chini, marungu mapajani. Hakuna aliyepiga kelele. Hicho ndicho kilichomtisha Inspekta Ghati. Watu wanaopiga kelele unaweza kuwatuliza, unawapa maneno mawili matatu wanaenda zao. Hawa walikaa kimya wakilitazama lori.

Waliyemlilia alikuwa Rushabh Velji, kijana wa Kihindi mnunuzi wa dhahabu. Mabroka wengine walimnyonya mchimbaji mchana kweupe, lakini mzani wa Rushabh haukuwa na mchezo, na duara lilipoporomoka ni yeye aliyewabeba majeruhi mpaka hospitali bila kuuliza petroli ya nani. Sasa amekutwa kichakani mbele kidogo ya Tinde, kapigwa usiku kitu kizito kisogoni. Kisanduku cha dhahabu hakipo, na gari lake limekufa pembeni ya barabara.

"Kesi imeisha, Ghati," mkuu wa upelelezi alimwambia asubuhi hiyo, macho hayatoki kwenye kikombe cha chai. "Aliyefunga injini ile ni fundi. Aliyejua marehemu anapita na dhahabu ni fundi. Aliyetega nyaya ziungue, gari lizime porini, wenzake wamalize kazi, ni fundi. Unataka nini tena, akuletee kadi ya mwaliko?"

"Nataka kulikagua gari, afande."

"Limekaguliwa."

"Limefunguliwa boneti likafungwa. Nipe mpaka adhuhuri."

Mkuu alipuliza chai yake, akanywa, akaweka kikombe chini taratibu. "Mpaka adhuhuri. Lori likiwashwa sikungoji."

Ghati alikuwa Mkurya wa Tarime, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi, na ubishi alizaliwa nao. Alipiga saluti, akatoka, akamkuta Koplo Kalisti anamsubiri uani karibu na gari lenyewe.

Gari hilo lilikuwa kichekesho cha mji. Morris Minor ya miaka ya hamsini, mali ya mzee Velji, babu yake marehemu, ina mviringo kila kona na rangi ya krimu iliyopauka kwa jua. Watoto walikuwa wakilizomea likipita. Lakini chini ya ile boneti ya kizee, lo! Palikaa injini ya Toyota, zile za EFI zilizokuwa ndiyo kwanza zinaingia kutoka Dubai, zisizo na kabureta, zinazopuliziwa mafuta kwa nozeli na kuamrishwa na kompyuta ndogo ambayo mafundi waliiita kontroli boksi.

"Akili ya marehemu hiyo," Kalisti alisema. "Majambazi wa njia ya Kahama wanavizia Land Cruiser. Nani ahangaike na mkebe wa mzee Velji?"

"Na wakihangaika?"

"Hawaupati, afande. Ukikanyaga mafuta, acha kabisa."

Harufu ya waya ulioungua ilikuwa bado imo ndani ya gari. Ghati aliingia na tochi, akailegeza kontroli boksi chini ya dashibodi, akafungua kifuniko. Ndani palikuwa peusi tii. Nyaya zilizotoka pale zilikuwa zimeyeyuka zikagandana. Mpaka hapo mkuu alikuwa na haki ya kunywa chai yake kwa raha.

Akahamia mbele. Betri ilikaa kwenye kibao chake cha zamani nyuma ya injini, vichwa vyake vimepakwa grisi nyingi, vumbi limegandia juu yake mpaka alama hazionekani. Ghati alipitisha tochi polepole. Kisha akachomoa kisu kidogo mfukoni, akakwangua kitu kilichoganda kwenye bati la bodi, kando ya betri.

"Hii nini?"

"Plastiki, afande."

"Naona ni plastiki. Imetoka wapi?"

Kalisti aliinama karibu. Plastiki ilikuwa nyekundu, imechuruzika, na chini yake rangi ya gari ilikuwa imechimbwa kwa vijino vilivyopangana. Kwenye kichwa kimoja cha betri palikuwa na plastiki nyingine, nyeusi, imeyeyuka vilevile.

"Meno ya klipu," alisema. "Zile nyaya za kubusti betri iliyokufa kwa umeme wa gari jingine. Klipu nyekundu ilibanwa hapa kwenye bodi, nyeusi ikabanwa kwenye betri. Zikaungua."

"Kwa hiyo kuna mtu alijaribu kulibusti."

"Atakuwa marehemu mwenyewe. Gari limezima, akaomba msaada kwa mpita njia."

"Na nyaya ziko wapi?"

Kalisti alitazama kwenye buti, akatazama chini ya viti, akarudi mikono mitupu.

"Msamaria gani huyo," Ghati aliuliza, "anakusaidia kubusti gari, anang'oa nyaya zinazowaka moto, anaondoka nazo, na wewe anakuacha umelala kichakani?"

Ghati alikwangua vipande vyote viwili, akavifunga kwenye karatasi, akavitia mfukoni.

Nyuma ya jengo la selo alikaa Violeth, mke wa Bujiku, mtoto mgongoni na bakuli la michembe miguuni, viazi vilivyokaushwa kwao kijijini. Alimwona Ghati akasimama haraka, akamwita mama kwa Kisukuma.

"Shikamoo, mayu. Wamekataa asile. Wanasema anayekwenda kunyongwa hahitaji kushiba."

"Marahaba. Nani kasema hivyo?" Ghati aliuliza, na alipoona mama yule anaogopa kutaja, alilichukua bakuli mwenyewe. Hasira zilimpanda, akaingia nalo selo kwa kasi mpaka michembe miwili ikaanguka njiani.

Bujiku alikuwa amekaa pembeni ya ukuta. Jicho moja limefumba kwa uvimbe, mdomo umepasuka.

"Kula kwanza," Ghati alimwambia. "Halafu nieleze ulivyofunga injini ile. Usiruke kitu."

Fundi alimtazama kana kwamba hakusikia vizuri. "Tangu nimekamatwa naulizwa dhahabu iko wapi. Injini hakuna aliyeniuliza."

"Mimi nakuuliza."

Alitafuna polepole kwa upande mmoja wa mdomo. "Injini kukaa pale si kazi kubwa. Unakata kidogo, unachomelea vibao vya kuikalisha, unaisogeza na gia boksi yake. Kazi ni mafuta na umeme. Injini ya kabureta inaridhika na mafuta ya kuchuruzika. Hii inataka yaje kwa nguvu. Nikaweka pampu ya umeme ndani ya tangi, na mpira wa kurudishia yanayobaki. Pampu hiyo isipofanya kazi, piga stata mpaka kesho, haliwaki."

"Na umeme?"

"Umeme ndiyo balaa yenyewe. Magari yale ya Kiingereza ya zamani, chanya ya betri ndiyo inafungwa kwenye bodi. Kinyume cha magari yote unayoyajua. Kontroli boksi ya Toyota ukiipa umeme wa kinyume inaungua hapo hapo. Ikabidi nigeuze. Chanya ikaenda kwenye nyaya, hasi kwenye bodi."

"Nani alijua kwamba umegeuza?"

"Mimi na Rushabh, basi. Nyumbani kwao hawakujua hata kama injini imebadilishwa. Mzee Velji aliapa moyo wa gari lile hautolewi mpaka siku atakayochomwa yeye. Kwa hiyo Rushabh akirudi anazima kule juu kwenye mteremko, gari linaserereka lenyewe mpaka uani, babu asisikie mlio mpya. Asubuhi akitoka, analisukuma na mlinzi mpaka barabarani. Mzee anadhani mjukuu anabania petroli." Bujiku alianza kucheka, mdomo uliopasuka ukamkatisha.

"Zamani, kabla yako, likikataa kuwaka alikuwa analibusti nani?"

"Wenyewe wa nyumbani. Mafundi wa mjini waliliogopa. Wale wamekua nalo, wanajua nyekundu inabanwa kwenye bodi."

Mfukoni mwa Ghati ile karatasi ilikuwa kama imeongezeka uzito.

"Kuna kitu hujaniambia," alisema.

Bujiku aliangalia mlango wa selo, akateremsha sauti. "Swichi. Nilimwekea swichi ya siri ya kukata pampu ya mafuta, chini ya kiti cha dereva, kwa ajili ya wezi. Alikuwa akishuka tu anaizima. Hata akishuka kununua soda."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nimeweka swichi ya kuzima gari? Mayu! Si ningekuwa nimejifungia kamba mwenyewe?"

Ghati alirudi uani mbiombio. Alipiga magoti kwenye vumbi, akapenyeza mkono chini ya kiti cha dereva, akapapasa mpaka vidole vikakutana na kitufe kidogo cha chuma. Alimulika. Swichi ilikuwa imezimwa.

"Gari halikuzimika, Kalisti," alisema akiwa bado amepiga magoti. "Lilizimwa. Rushabh alilipaki mwenyewe, akazima swichi yake kama kawaida, akashuka kwa hiari. Sasa niambie, wewe umebeba dhahabu, uko njia ile, jua limezama. Utashuka kumsalimia nani?"

"Mtu ninayemjua."

"Unayemwamini. Huyo mtu akishamaliza kazi yake anataka kuliondoa gari, pengine alitumbukize kwenye duara lililoachwa huko machimboni, lisionekane tena. Anapiga stata. Haliwaki, kwa sababu hajui swichi. Anapiga mpaka betri inakufa. Analeta gari lake karibu, anatoa nyaya. Hathubutu kuwasha tochi barabarani, kwa hiyo mkono unafanya kazi kwa mazoea. Betri iko pale pale ilipokaa siku zote. Nyekundu kwenye bodi."

"Ikalipuka."

"Ikalipuka. Bujiku hawezi kuwa ni yeye, swichi ni yake na betri aliigeuza yeye. Jambazi wa kawaida naye angebana nyekundu kwenye chanya kama kwenye gari lolote, na kisingeungua kitu. Aliyekosea ni mtu anayelijua gari hili tangu utotoni, ila hajui kilichofanyika mwaka huu."

Kalisti alivua kofia, akajifuta jasho. Hakutaka kuwa wa kwanza kusema.

"Nyumbani kwao," alisema mwishowe.

Ng'ambo ya ua dereva wa lori alikuwa anamimina maji kwenye rejeta. Ghati alijua mkuu hatakubali hadithi ya klipu na swichi. Atataka mtu.

"Funga kamba," alisema. "Tunamrudishia mzee Velji gari lake."

Walilivuta kwa Land Rover mpaka mtaa wa Kambarage. Watu wa getini waliliona likitoka, na baadhi yao wakainuka, wakalifuata kwa macho mpaka kona. Njia nzima Ghati alilitazama kwa kioo likija nyuma yao kimya kimya, taa zake mbili zimekodoa, na alitamani kamba ikatike, wasifike kwa mzee.

Nyumba ya Velji ilikuwa ya zamani, ya ukuta mnene uliopakwa chokaa, duka mbele na ua nyuma. Ndani wanawake wenye nguo nyeupe walikuwa wakiomboleza kwa sauti ya chini. Mzee mwenyewe alikaa barazani kwenye kiti cha kamba, mwembamba, macho yana ukungu wa mtoto wa jicho. Alilisikia gari likiingia, akainuka na fimbo, akaja akaweka kiganja juu ya matgadi.

"Shikamoo, mzee. Pole sana kwa msiba."

"Marahaba, mama. Nimeshapoa." Hakuwa amepoa. Kiganja kilikuwa kinalipapasa bati. "Hili nilinunua kwa pamba yangu ya kwanza. Baba yake Rushabh, Mungu amrehemu, alijifunzia hili. Rushabh alijifunzia hili, na Pritesh pia, mtoto wa mwanangu wa pili. Kabla sijamkabidhi mtoto usukani namfundisha kwanza jambo moja. Likikataa kuwaka, nyekundu kwenye bodi. Wote wanajua, hata wasichana."

"Mazishi yalikwenda salama?"

"Kwa desturi yetu moto wake angewasha mdogo wake. Pritesh hakuweza. Alisimama kule ukutani, hakusogea hata hatua. Niliwasha mimi." Mzee alimgeukia Ghati. "Babu anawasha moto wa mjukuu. Hivi hiyo ni haki, mama?"

Ghati akamshika mkono.

Pritesh alitoka ndani muda huo huo. Alikuwa kijana mnene kidogo, mwenye adabu, na kiganja cha mkono wa kulia amekifunga kitambaa. Alikuwa akiendesha ghala la pamba la familia kule Mhunze, na ni yeye aliyekwenda kuutambua mwili. Pikapu aliyokuja nayo ilikuwa imeegeshwa kivulini.

"Karibu, Inspekta. Fundi amekiri?"

"Bado. Umeumia?"

Alikitazama kiganja. "Moto wa mazishi. Nilisogea karibu mno nikiuwasha."

"Pole," Ghati alisema, na uso wake haukubadilika. "Nisaidie kitu kimoja. Gari hili, Rushabh alikueleza chochote juu yake?"

Pritesh alimvuta kando, mbali na mzee. "Hakunieleza chochote. Mambo ya injini nimeyasikia kwenu polisi baada ya msiba. Sijaligusa tangu nihamie Mhunze. Na tafadhali, Bapuji hajaambiwa. Akijua injini yake imetolewa, tutazika wawili."

Bapuji ndivyo wajukuu walivyomwita babu yao. Ghati aliitikia kwa kichwa. Alipita kwenye pikapu, akachungulia nyuma. Palikuwa na magunia, jeki, na nyaya za kubusti zilizokunjwa vizuri, mpya, bado zimekakamaa, klipu zake zinang'aa. Pikapu yenyewe ilikuwa imechakaa kila mahali.

"Mpya hizi."

"Za zamani zilikatika."

"Bahati nzuri. Betri ya mzee imekufa, na mimi nataka kujaribu taa kabla sijaandika kwamba nimelikabidhi. Wewe unalijua hili gari, unaweza kuzifunga? Kalisti atabana upande wa pikapu."

Halafu alimsogelea koplo wake, akamwambia kwa sauti ya chini: "Usibane mpaka niseme. Akiweka nyekundu kwenye bodi, tumemwonea, na Bujiku anakwenda na maji. Asiye na hatia hapa atakosea."

Kalisti alizunguka na pikapu, akaisogeza pua kwa pua na Morris. Mzee Velji alibaki amesimama pale pale, kiganja juu ya matgadi, kichwa kimeinama. Kutoka upande wa mjini ilisikika adhana ya adhuhuri.

Pritesh alifungua boneti, akaitazama injini ile geni bila kusema neno. Alichukua klipu nyekundu kwa mkono wa kushoto. Mkono ulikwenda moja kwa moja kwenye bati la bodi, penyewe hasa, palipochubuka. Ukasita. Halafu ukarudi kwenye betri, ukatafuta kichwa chenye nyaya nyingi, kile cha chanya, ukabana pale. Nyeusi akaipeleka kwenye bodi.

Macho ya mzee yalikuwa na ukungu, lakini rangi nyekundu ilimfikia.

"Pritesh! Nyekundu kwenye bodi! Unataka kuniunguzia gari?"

"Hapana, Bapuji, ukiweka hivyo ndiyo linaungua," Pritesh alijibu haraka, kwa ukali wa mtu anayesahihishwa jambo analolijua.

Kisha akanyamaza, na midomo yake ikabaki wazi.

Aliyeuliza ni mzee. "Liliungua lini?"

"Nilikuwa nasema tu, Bapuji."

"Maisha yangu yote na gari hili halijaungua hata waya mmoja. Liliungua lini, Pritesh?"

Pritesh alitazama geti. Kalisti alikuwa ameshafika pale, amesimama katikati.

"Mjibu babu yako," Ghati alisema.

"Ninyi polisi ndio mliosema mambo ya injini ya Toyota, mtu yeyote anajua kwamba Toyota—"

"Mtu yeyote? Mkono wako ulikwenda kwenye bodi kwanza, nimeuona. Tulikwambia injini imebadilishwa. Kwamba betri imegeuzwa hatukukwambia, maana hata sisi tumejua leo asubuhi. Alijua fundi, akajua marehemu, na akajua mtu aliyebana klipu gizani kule Tinde ikamlipukia mkononi. Fungua kitambaa."

Pritesh hakufungua. Mzee Velji aliiacha fimbo ikaanguka, akaufuata mkono wa mjukuu wake, akakifungua kitambaa mwenyewe, mkunjo kwa mkunjo. Alikipapasa kile kiganja kwa kidole. Alama ya moto ilikwenda mstari mmoja ulionyooka, kutoka kwenye kidole gumba mpaka chini, upana wa mpini wa klipu.

"Moto niliwasha mimi," alisema. "Wewe hukuukaribia."

Kijana alianza kulia kwa kwikwi kubwa kubwa. "Yeye ulimpa dhahabu, Bapuji. Ulimpa duka, ulimpa na gari lako. Mimi ukanipa magunia kule Mhunze. Nilimsimamisha tuzungumze, nilitaka tuzungumze tu. Akacheka. Akasema atakuombea unipandishe cheo."

Ghati alikuwa ameshakimbilia redio ya Land Rover. "Kituo, kituo. Lori lisitoke! Narudia, lori lisitoke!"

Redio ilikoroma. Nyuma ya sauti ya mpokeaji ilisikika injini ya lori ikinguruma, na juu yake kitu kingine kizito, sauti ya watu wengi wanaosimama kwa pamoja. "Afande, liko getini. Geti limefunguliwa."

"Lifungeni! Mrudisheni Bujiku ndani. Muuaji ninaye mimi, na jina nitalitaja mbele ya watu hao hao. Umenisikia?"

Kimya. Mkwaruzo. Ghati alikishika kipaza sauti cha redio mpaka vidole vikauma, akilini mwake Violeth amesimama pale na bakuli tupu.

"Amerudishwa, afande. Mzima."

Alirudisha kipaza sauti mahali pake, akaegemea mlango wa Land Rover. Alipogeuka, Kalisti alikuwa anamfunga Pritesh pingu, taratibu, akiukwepa mkono ulioungua.

Mzee Velji hakuwa anawatazama. Alikuwa ameinama ndani ya boneti, vidole vyake vinatembea juu ya ile injini asiyoijua, kwenye mipira, kwenye nozeli, kwenye mabomba, anatafuta mahali palipokuwa na kabureta yake.

"Kumbe alinibadilishia," alisema. "Ndiyo maana alikuwa anazima kule juu."

"Samahani, mzee," Ghati alisema. "Ilibidi uwepo, wewe ndiye uliyemfundisha."

Mzee alifunga boneti kwa mikono miwili, akaibonyeza mpaka ikalia. Kisha akatafuta fimbo yake chini, na Ghati akamwokotea.

"Huyo fundi ana mke?"

"Anaye. Na mtoto mdogo."

"Basi mwachieni arudi kwao leo leo, mama," mzee alisema. "Kwangu hakuna tena wa kurudi."